Tulidhani ni Ng'wana Zilishi

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyochanganyika na grisi, miguu yangu inataka kupanda kitu kinachozunguka. Juzi ilinipata pale Somanda kwa fundi baiskeli. Fundi alikuwa ameishiwa grisi, akachukua mafuta ya ng'ombe akayapaka kwenye cheni juu ya ule weusi wa zamani, jua likayayeyusha, na mimi niliyekuwa nangoja pancha izibwe nikaigusa cheni kwa kidole, nikajikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyepewa soda ya bure. Fundi akaniuliza kulikoni. Nikamwambia hakuna kitu. Ningeanzia wapi, na yeye ana wateja? Ila ninyi mnaosoma mmekaa, mna nafasi, acha niwaambie ninyi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Waliokuwepo wanakumbuka jinsi maduka ya Bariadi yalivyojaa ghafla, kama mtu alikuwa ameficha vitu vyote chini ya kitanda halafu akachoka kuvificha. Sabuni zilirudi. Viatu vya raba vya kila rangi vikatundikwa milangoni, na mitumba ikamwagwa juu ya maturubai. Pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa ilinunuliwa na yeyote mwenye lori na mizani, na baba yangu akatuhamisha kutoka Mwanhuzi akifuata kazi ya kupakia marobota kwenye hayo malori. Nilikuwa darasa la tatu. Jina langu Kabula, na nilikuwa na mdogo wangu Holo, ambaye alikuwa bado anatembea huku kashika gauni langu kama mkia.

Kwetu Mwanhuzi mchezo mkubwa ulikuwa kumpanda punda wa watu mpaka mwenyewe atokee. Kwa hiyo mnaweza kunielewa nilivyosimama mdomo wazi siku ya kwanza nilipoiona Ndege.

Ilikuwa ndani ya uwanja uliozungushiwa senyenge, pembeni ya ghala kuukuu la pamba. Kulikuwa na bembea za minyororo, na utelezi wa bati nene ambao mchana ulikuwa unaunguza mapaja mpaka unashuka unapiga kelele kabla hujafika chini. Lakini Ndege ndiyo ilikuwa yenyewe. Ekseli ya lori ilikuwa imesimamishwa wima kwenye zege, juu yake gurudumu limelala, na kutoka kwenye gurudumu yametoka mabomba marefu yenye mapipa yaliyokatwa nusu, ndiyo viti. Vijana wawili waliisukuma, ikaanza polepole, halafu wakaiachia, nayo ikaenda yenyewe bila kelele, shwaaa, kama upepo kwenye mtama. Nikifumba macho nilikuwa nimeshafika Dar es Salaam, nimeshashuka, nimeshakunywa chai kwenye nyumba ya ghorofa, na nilikuwa narudi kumchukua mama. Mpaka leo sijapanda ndege ya kweli, lakini nikiambiwa kupanda ndege ni hivi na hivi, nasikiliza kama mtu anayejua.

Sasa, getini kulikuwa na kibao cha bati. Juu kimeandikwa kwa herufi kubwa UWANJA WA WATOTO. Chini yake, kwa herufi ndogo, kimeandikwa Mwanzilishi, zikafuata nukta mbili, na baada ya nukta mbili hakuna kitu, ila baka la rangi ya bluu.

Kwa mtu wa pwani hapo hakuna cha kumshangaza. Sisi nyumbani tuliongea Kisukuma. Kiswahili kilikuwa cha shuleni, cha kuchapiwa viganja, na maneno makubwa kama hilo tulikuwa hatujafika. Tulichojua sisi ni kwamba mtu mzima huitwa ng'wana fulani, yaani mtoto wa fulani. Jirani yetu alikuwa Ng'wana Shija. Muuza mafuta ya taa alikuwa Ng'wana Masele. Tulijua pia kwamba walimu na waandika vibao hawaiwezi hiyo ng' yetu, wanaweka M basi, maana nusu ya darasa majina yao yaliharibiwa hivyo hivyo siku ya kuandikishwa. Kwa hiyo Minza, msichana wa darasa la tano aliyesoma bila kufuatisha kidole, aliposimama mbele ya kile kibao akatutafsiria kwamba pale pameandikwa Ng'wana Zilishi, hakuna aliyebisha.

Shida ikawa Zilishi ni nani. Minza alimuuliza bibi yake, bibi akasema hajawahi kusikia ukoo wa Zilishi, labda ni watu wa mbali. Hilo ndilo lililotutia wasiwasi. Mtu asiye na ukoo unaojulikana, mwenye uwanja wa kukusanya watoto tu, na mbele ya jina lake kuna bluu tupu. Minza akasema pale palikuwa na picha yake, akaifuta mwenyewe ili asitambuliwe. Tangu siku ile sikupita getini bila kumkamata Holo mkono.

Tajiri hatukumshuku. Tajiri ndilo jina tulilomwita mnunuzi wa pamba aliyekuwa na ule uwanja, mtu mnene mchangamfu aliyekaa getini Jumapili na kiti chake cha kukunja, akichukua viingilio na kutania watoto. Mtu anayecheka vile angekuwa na siri gani?

Tulimshuku mzee mmoja.

Alikuja kila Jumapili baada ya misa, na hakuja na mtoto. Hilo tu lilitosha. Alivaa kofia ya kitambaa iliyopauka na koti lenye mifuko mizito, akampita Tajiri bila kusalimiana naye sana, akaenda moja kwa moja kwenye Ndege. Aliiwekea sikio. Ndiyo, mtu mzima, anakiwekea chuma sikio, anafumba macho, anasikiliza. Halafu anatoa kopo mfukoni, anachovya kidole, anapaka pale juu kwenye gurudumu, na harufu ya mafuta ya ng'ombe inakuja mpaka kwenye bembea. Na pale alipopaka alifunga kitambaa cheusi, akakaza fundo kwa meno.

Ninyi niambieni. Mafuta ya ng'ombe, kitambaa cheusi, na mdomo unaosemasema peke yake. Kwetu hakuna mtoto anayehitaji kuelezwa maana yake. Minza alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa na bati lenyewe, "Ndiye. Huyo ndiye Ng'wana Zilishi."

Njia ya kuhakikisha ilikuwa moja, kumwita. Mchawi akiitwa jina lake hushtuka, hivyo tulivyoambiana. Jumapili iliyofuata tukajificha nyuma ya utelezi, Minza akahesabu, tukapiga kelele wote kwa pamoja lile jina kama lilivyoandikwa, "Mwanzilishi!"

Yule mzee aligeuka. Hakukasirika, wala hakushtuka kama tulivyotegemea. Alitutafuta kwa macho, na alipotuona akavua kofia yake, akaishika kifuani, akainamisha kichwa kidogo kama watu wanavyofanya bendera ikipanda. Akasimama hivyo, tena kwa muda. Kisha akaivaa, akaendelea na kopo lake.

Tulikimbia mpaka nyumbani. Minza akatangaza kwamba ushahidi umekamilika, ameitika jina. Na tangu hapo kila Jumapili tulimwita, nusu kwa hofu nusu kwa utamu wa hofu, naye kila Jumapili akavua kofia. Ilifika mahali akiwahi kumaliza kupaka anakaa kwenye zege, anaangalia upande wa utelezi, anangoja. Mimi nilikuwa nikimwona anavyongoja, nikasema moyoni, huyu anahesabu nani amenenepa.

Maneno ya watoto hayakai kwa watoto. Kaka yake Minza alikuwa mmoja wa wale vijana wasukumaji, akamwambia Tajiri kwamba wazazi watakuja kuacha kuleta watoto kwa sababu ya yule mzee na dawa zake. Tajiri siku hiyo hakucheka. Alisimama, akang'oa kile kitambaa mwenyewe, akakitupa nje ya senyenge, na Jumapili iliyofuata mzee alipofika getini akaambiwa uwanja ni wa watoto, kama hana mtoto arudi. Sikusikia alichojibu. Nilimwona tu upande wa nje, ameshika senyenge kwa vidole vyote, anaitazama Ndege inavyozunguka, na kichwa amekilaza upande kama anayetaka kuisikia kutoka kule.

Tulishangilia. Tulimshinda Ng'wana Zilishi.

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule, na mchanga wa Bariadi, unaujua kama umeula. Ndege ikaanza kulia. Kwanza kidogo, kama mlango wa choo. Halafu ikawa inalia kweli, mlio unaokuingia kwenye meno, na wasukumaji wakawa wanatoka jasho hata kuifikisha mwendo. Mpaka siku moja ilikuwa imeshika kasi, ikakwama. Haikupunguza, ilisimama tu, kwaa! Sayi, mtoto wa mwisho wa Ng'wana Shija jirani yetu, akaruka kutoka kwenye pipa lake, akaangukia mkono. Mfupa ulivunjika, na sisi wote tuliusikia.

Jioni hiyo hiyo sababu ilikuwa imeshapatikana. Mzee amefukuzwa, mzee kakasirika, mzee kaiambia Ndege ifanye vile. Mama yangu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alituita ndani akatufungia mlango. Kesho yake filimbi za sungusungu zikalia.

Kwa wasiowajua, sungusungu ni jeshi la wanakijiji lililoanzia huku kwetu kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, na likiwa limeshamaliza wezi hutafuta kazi nyingine. Halikufungi wewe. Linakutenga. Ukitengwa, hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kukuazima jembe, ukisalimia kisimani watu wanaangalia ndoo zao. Na ukifa, unazikwa na mbwa wako. Baba alisema mzee kama yule, asiye na mke wala mtoto karibu, akitengwa havuki msimu.

Mkutano ulikuwa mchana, mbele ya lile ghala, wazee wamekaa kwenye jukwaa la zege lililokuwa la kupakilia marobota. Mtemi wa sungusungu alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo, na sauti yake ndogo ndiyo iliyotisha, maana ilibidi watu wote wanyamaze. Ndipo nikasikia kwamba yule mzee ana jina kama watu wote, Mzee Luhende. Walimuuliza kitambaa ni cha nini. Akasema cha kuzuia mchanga. Mafuta je? Ya kulainisha, grisi haitoshi, tangu ile miaka ya shida alizoea kuchanganya. Watu wakaguna. Mtemi akauliza nani alimpa hiyo kazi. Mzee Luhende akaanza kuizungusha kofia yake mikononi. Aliizungusha vibaya, kama mtu mwenye kosa, na nikamwona Tajiri anajipepea kwa kofia na kuangalia malori barabarani.

Ndipo wakaita watoto walioona. Minza, yule Minza wa maneno yote, akaanza kulia hata kabla ya kuulizwa. Nikasukumwa mimi mbele, Holo akiwa bado kanishika gauni.

Niliulizwa huyu mzee namfahamu. Nikasema ndiyo. Anaitwa nani?

"Mwanzilishi," nikasema.

Watu wakacheka, wengine waliosoma wakacheka zaidi. Mama akaziba mdomo kwa kanga. Mtemi hakucheka, aliuliza kwa sauti yake ile ndogo nani kanifundisha kumwita hivyo. Nikasema hakuna, imeandikwa getini, tunamwita kila Jumapili na yeye anaitika, anavua kofia. Nilikuwa nashtaki, mjue. Nilikuwa natoa ushahidi wa uchawi.

Kijana mmoja akatumwa getini kusoma. Akarudi akasema ni kweli, kimeandikwa Mwanzilishi, halafu nukta mbili, halafu rangi.

Mtemi akamgeukia Tajiri. "Hapo kwenye rangi palikuwa na jina la nani?"

Tajiri akasema yeye alinunua eneo pamoja na vilivyomo, karatasi zipo. Mtemi akamwambia hakumuuliza alichonunua. Tajiri akafuta shingo, akasema fundi wa vibao aliondoka kwenda Dutwa kabla ya kumalizia, alitakiwa aandike jina jipya, si unajua mafundi.

"Jina la zamani," mtemi akasema.

"Lilikuwa langu," akasema Mzee Luhende.

Aliongea akiangalia kofia yake mikononi. Akasema alikuwa fundi kwenye kinu cha pamba wakati wa ushirika. Watoto wa wafanyakazi walikuwa wanacheza chini ya malori, mmoja akakanyagwa. Hakusema wa nani, na hakuna aliyemuuliza. Akaomba ekseli mbovu, akaomba mapipa, akachimba shimo mwenyewe. Ushirika ulipoyumba, wafanyakazi waliojua hilo walitawanyika, eneo likauzwa, akaja kusikia uwanja una mwenyewe. Hakugombana. Ndege ilihitaji kupakwa mafuta, basi akawa anakuja kuipaka.

"Jina walipolifuta sikuhangaika," akasema. "Nilisema, watoto wananijua. Kila Jumapili wananiita."

Halafu akatuangalia sisi, mimi na Minza na wengine waliokuwa wamejibana nyuma yetu, akauliza taratibu tu, kama anayeuliza kama tumekula.

"Kumbe hamkujua?"

Holo ndiye aliyeongea, akasema anataka kwenda kukojoa.

Kesi iliisha hivyo. Mtemi aliamua Mzee Luhende aingie siku anayotaka na kopo lake, kitambaa kirudi mahali pake kisiguswe, na Tajiri akakubali kumalizia kibao. Kuingia aliingia. Kibao hakikumaliziwa, bluu ilikaa pale mpaka ikaanza kuchubuka, na chini yake hakukuonekana jina, ila kutu.

Jumapili ya kwanza baada ya pale mama zetu walikuwa wameshatufunda. Mzee alipoingia tukajipanga, wasichana tukapiga magoti, tukasema "Mwadila, guku," kama anavyosalimiwa babu wa heshima. Akaitika vizuri, mmoja mmoja, kwa majina ya baba zetu. Akapaka mafuta, akafunga kitambaa kwa meno. Kisha akakaa kwenye zege akaangalia upande wa utelezi, akangoja kama zamani.

Nasi tukanyamaza. Sasa tulijua lile neno halikuwa jina lake, na Minza alikuwa ametuambia kumwita mtu mzima kwa neno la kwenye kibao ni matusi. Mzee akangoja. Akakunja koti lake magotini, akalikunjua. Ndipo Holo, aliyekuwa amepanda pipa lake na hana habari za mkutano wala za kibao, akamwona pale chini akapaza sauti yake yote, kwa furaha tu ya kumjua mtu, "Mwanzilishi!"

Akavua kofia. Akasimama nayo kifuani mpaka Ndege ilipozunguka ikamrudisha Holo mbele yake tena.

Mimi nilimfinya Holo tuliposhuka, nikamwambia ana adabu mbaya. Imenichukua miaka kuelewa kwamba katika mji mzima yeye peke yake ndiye alimpa mzee haki yake siku ile, na kwamba sisi tuliokuwa tumeshaelezwa kila kitu ndio tulikuwa tumemnyima. Zile Jumapili zote tulizomwita kwa hofu, mzee alikuwa akirudi nyumbani ameshiba. Adabu yetu ndiyo iliyomlaza njaa.

Juzi nilipotoka kwa yule fundi baiskeli nikapitia pale. Senyenge haipo, bembea hazipo, vijana wa bodaboda wanaegesha pikipiki. Ekseli bado imesimama kwenye zege lake, mmoja kaitundikia helmeti. Akaniuliza, mama, unaangalia nini, hicho chuma tumekikuta. Nikamwambia kiliwekwa na Mzee Luhende, ndiye mwanzilishi. Akauliza mwanzilishi wa nini, nikavuta pumzi nianze toka mwanzo, abiria akaja, akachukua helmeti yake akawasha pikipiki.

Kidole changu kilikuwa bado kina yale mafuta ya cheni. Nikakifuta pale juu, palipokuwa na kitambaa.